Ziwa Alilolichora Kaka

Kitabu kile kilipoingia nyumbani kwetu hakikuwa na jalada wala jina. Kaka alikikuta Mwanjelwa mwaka 1994, kwa muuza mitumba aliyetandika turubai chini, viatu upande mmoja na vitabu upande wa pili. Vitabu vilivyochanika hakuvitandika na vingine. Alikuwa akivinyofoa kurasa na kuzisokota pembe za kufungia karanga. Kaka alitoa shilingi mia moja aliyotumwa kununulia chumvi, akakinunua kabla hakijageuzwa pembe. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na tano. Usiku ule tulikula mboga isiyo na chumvi, na kaka alikula bila kunyanyua macho.

Tulikuwa tukikaa Mabatini, Mbeya. Baba alifanya kazi kwenye reli ya TAZARA, akawa anaondoka na treni kwenda Kapiri Mposhi na kurudi baada ya siku nyingi. Mama alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani mchana na ndani jioni. Ilikuwa Juni, shule zimefungwa, na Juni ya Mbeya haina mzaha: ukungu unashuka kutoka Loleza hadi mlangoni, na mtu anatoka nje amejifunga kitenge juu ya sweta. Tukajikunyata kuzunguka jiko, na kaka akaanza kusoma kwa sauti.

Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda na karanga. Tukaingia katika hadithi kama wageni waliochelewa arusini: tukawakuta watu wamekaa, hatuwajui majina, tukaanza kuwafahamu mmoja mmoja. Kulikuwa na baba mmoja mlevi, Zakaria, mwenye mabinti wengi. Mkubwa wao aliitwa Rosa. Walikaa kisiwa cha Ukerewe, katika ziwa ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona.

Siku ya pili kaka alisema kitabu hakiwezi kukaa uchi. Akamwomba mama kipande cha karatasi ya kaki, ile aliyokuwa akikatia vielelezo vya magauni. Akasaga mkaa, akakoroga buluu ya kufulia katika kizibo cha chupa, akapika gundi ya unga wa ngano. Kisha akachora. Alichora msichana ameketi ufukweni ametupa kisogo, nyuma yake ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima mirefu inayozama moja kwa moja majini. Kando ya msichana aliweka chungu.

Mimi nilijua mara moja pale ni wapi. Palikuwa Matema, Kyela, kwa bibi yetu mzaa mama. Ziwa lilikuwa Nyasa, milima ilikuwa Livingstone, na chungu kilikuwa cha Wakisi, kama vile vinavyopangwa mchangani siku ya soko. Nikamwambia, "Kaka, hapa si Ukerewe." Akanijibu, "Mimi Ukerewe sijafika. Ziwa ninalolijua ni hili." Juu ya picha akaandika kwa herufi kubwa: MABINTI WA ZAKARIA.

Nimekaa na jibu lile zaidi ya miaka thelathini. Nimekwisha kusoma vitabu vingi, na kutazama michezo na picha zilizotokana na vitabu, na kila mara narudi pale pale: msomaji huingia kitabuni na ziwa lake mwenyewe. Mwandishi akisema maji, mimi huona Nyasa. Akisema baridi, mimi huona ukungu wa Loleza. Hilo halimwibii mwandishi kitu. Ndivyo kitabu kinavyopata nchi nyingine ya kukaa.

Jioni ya tatu mama alisikia sehemu fulani aliyokuwa akisoma kaka, akasimamisha cherehani. Hakusema neno. Akanyoosha mkono, akapewa kitabu. Taa ya chemli ya mama iliwaka usiku kucha. Asubuhi alikirudisha, lakini kurasa kama kumi na mbili zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyonyooka, kazi safi ya fundi. Akasema, "Hizi mtasoma mkikua. Nyingine endeleeni." Halafu akakaa nasi chini, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo wakati wa kazi, akatusimulia kwa maneno yake mwenyewe kilichokuwa katika kurasa zile, kwa kadiri alivyoona tunastahili kujua. Alimaliza hivi: "Zakaria alimpiga mwanawe kwa sababu ya barua. Angekaa naye akasema naye."

Kaka alikuwa msomaji wa Maktaba ya Mkoa, akaniandikisha na mimi. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, nchi ikiwa changa, na Maktaba Kuu ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Sisi watoto wa Mbeya hatukuzijua tarehe hizo. Tulijua tu kwamba kuna nyumba mjini ambamo mtu anaweza kukaa mchana kutwa bila kuulizwa ametumwa nini. Humo nilisoma Kusadikika na Adili na Nduguze za Shaaban Robert. Humo kaka alikuta Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, akashangaa kwamba Rais wa nchi alikaa chini akahangaika na mistari ya Shakespeare. Aliporudi nyumbani alimchora Kaizari amevaa mgolole, amesimama chini ya mgomba. Migomba ya Tukuyu ndiyo miti aliyoizoea.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Katika shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, kulikuwa na kabati la vitabu lenye kufuli. Vilikuwa vitabu vya msaada, vipya, vimefungwa wasije watoto wakavichafua. Tulipokuwa tukimaliza darasa la saba kabati lilifunguliwa, na mchwa walikuwa wamekwisha kula kutoka chini hadi rafu ya tatu. Nililia. Mwalimu alidhani nimefiwa.

Mwaka 2006 nilipanda basi kwenda Iringa, kusoma ualimu katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kwa anayependa vitabu, safari ile ina darasa lake njiani. Unatoka Uyole, unapita Igawa na Makambako, na ukikaribia Mafinga dirisha linajaa misonobari, safu kwa safu, saa nzima. Hilo ndilo shamba la miti la Sao Hill. Katika wilaya hiyo hiyo ya Mufindi, huko Mgololo, kuna kiwanda cha karatasi kilichojengwa kwa ajili ya miti ile. Abiria mwenzangu, aliyewahi kufanya kazi huko, aliniambia kwamba kaki nyingi tuliyofungia madaftari utotoni ilitoka pale. Nikatazama misonobari, nikaona karatasi ya mama. Ziwa la kaka lilikuwa limechorwa juu ya mti wa Mufindi.

Muhula wa kwanza, nikiwa maktabani pale chuoni, nilichomoa kitabu chembamba rafuni, nikafungua katikati nisome mistari michache kama kawaida yangu, nikakutana na Zakaria. Nilisimama pale pale. Nilifunga nikatazama jalada: Rosa Mistika, Euphrase Kezilahabi, toleo la kwanza mwaka 1971. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimekiita kitabu hiki kwa jina alilokipa kaka. Jalada la kiwandani halikuwa na Milima ya Livingstone, na ninakiri kwamba kwa dakika kadhaa niliona kama wamekosea.

Nilisoma hadi maktaba ilipofungwa. Nilisoma mwanzo nisiokuwa nao, nikasoma na zile kurasa za uzi mweusi. Nikaelewa kwa nini riwaya ile ilipotoka ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na kwa nini baadaye ikarudi ikafundishwa. Kezilahabi alisema waziwazi yanayompata msichana aliyelindwa kwa fimbo bila kuambiwa anachokingwa nacho, siku anapoachiliwa duniani peke yake. Waliokiogopa kitabu walifanya yale aliyofanya Zakaria: walifunga mlango na kunyamaza. Mama yangu, fundi cherehani aliyeishia darasa la nne, alikisoma usiku mmoja akakielewa kuliko wao. Alishona kurasa, kisha akafungua mdomo.

Iringa ilinifundisha jambo la pili. Chuo chenyewe kina jina la mtu, na mwanafunzi anayetoka Mbeya hulitamka jina hilo miezi mingi bila kulifikiria. Mwalimu wetu wa fasihi alitugawia Mukwava wa Uhehe, tamthilia ya Mugyabuso Mulokozi iliyotoka mwaka 1979, akatutaka tuigize baadhi ya maonyesho. Kabla ya mazoezi tulikodi gari dogo, tukaenda Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini.

Pale Kalenga palikuwa na ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, naye akafa vitani. Wajerumani walijipanga upya, wakaiteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa alipigana vita vya msituni karibu miaka minne zaidi, hata tarehe 19 Julai 1898 alipozingirwa akajipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja fuvu lile kwa jina lake, lakini Wahehe walisubiri hadi Juni 1954, Gavana Edward Twining alipolirudisha. Liko katika nyumba ndogo ya makumbusho pale pale Kalenga, ndani ya kioo.

Tuliingia tukiwa tunacheka, tukatoka kimya. Nje alikuwako mzee mmoja, tukamwamkia "Kamwene", akaitikia, akauliza tumefuata nini. Tukamwambia tunaigiza mchezo wa Mkwawa. Akauliza, "Aliyeandika ni Mhehe?" Tukamjibu kwamba ni mtu wa Kagera. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi alitembea mbali kuja kutusikiliza. Nanyi wajukuu zangu, yeyote atakayekuwa Mkwawa, asipige kelele. Mtu mkubwa hasemi kwa kelele."

Mwenzetu aliyemwigiza Mkwawa alikuwa amejifunza kunguruma jukwaani wiki nzima. Usiku wa onyesho alisema kwa sauti ya chini, na ukumbi mzima uliinama mbele kumsikia. Mulokozi alikuwa ameliandika neno, mzee wa Kalenga akalipa sauti. Nikaikumbuka karatasi ya kaki. Mtu wa Kagera naye alikuwa ameuchora Uhehe akiwa na ziwa lake, na Uhehe ukalipokea, ukarekebisha kidogo, ukalifanya lake. Siku zilizofuata nilikuwa napanda jiwe la Gangilonga jioni, lile ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema, nikasomea juu yake hadi taa za mji ziwake.

Nilirudi Mbeya kufundisha, na huko ndiko vitabu vya karibuni vilikonikuta. Mwaka 2021 redio ilitangaza kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, amepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wengi wetu hatukuwa tumemsoma. Aliondoka nyumbani akiwa kijana miaka ya 1960, akaandika kwa Kiingereza akiwa Uingereza. Mwaka uliofuata, 2022, Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake Paradise. Niliagiza nakala kutoka Dar es Salaam. Nilipofungua nikaona riwaya yenyewe ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1994. Mwaka ule ule kaka anakiokoa kitabu kisiwe pembe za karanga, huko London ilikuwa inatoka hadithi ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyetolewa na wazazi wake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba. Imechukua miaka 28 kutufikia kwa lugha ambayo watu wa hadithi ile waliongea.

Nilipokuwa nikisoma Peponi nilisikia kitu ambacho sikukitarajia katika kitabu kilichotoka Kiingereza: watu wanaulizana hali kwa heshima zao, mtumwa na bwana, mgeni na mwenyeji, kama vile Kiingereza ndicho kilichokuwa tafsiri. Namshukuru mfasiri yule. Kufasiri namna hii ni uchoraji wa jalada uliokamilika, kurasa zote zimechorwa upya na hakuna iliyoachwa. Ninatamani vitabu vyote vya Gurnah vifuate njia hiyo, hasa Afterlives ya mwaka 2020, ambayo kurasa zake za mwanzo zinavitaja vita vya Wahehe na kichwa cha Mkwawa kilivyochukuliwa. Watoto wa Kalenga wanastahili kulisoma hilo kwa Kiswahili.

Filamu ya Vuta N'kuvute niliiona Dar es Salaam. Adam Shafi aliichapisha riwaya mwaka 1999, na Amil Shivji akaitolea filamu mwaka 2021. Riwaya ni pana. Filamu ni ya kama saa moja na nusu. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukasirika, maana wahusika wake, Yasmin wangu na Denge wangu, walikuwa na sura zao kichwani tangu zamani. Zanzibar yangu pia ilikuwa na kasoro: kwa mtu wa nyanda za juu, vichochoro vya Mji Mkongwe katika fikra zake vilikuwa na ubaridi. Filamu ikanipa joto, jasho shingoni, giza la vyumba, mwanga unaopenya dirishani. Niliporudi kwenye riwaya niliisoma nikiwa nimevua sweta. Kuna mengi ambayo filamu iliyaacha, na mwanzoni nilihesabu hasara. Sasa naona kwamba mtengenezaji naye alikuwa na kipande chake cha kaki, akachora kilichoenea.

Kaka sasa anachora mabango ya maduka na kuandika majina kwenye magari, karakana yake iko Kabwe. Hakusomea sanaa popote. Nilimpelekea kitabu cha picha cha John Kilaka, mchoraji aliyezaliwa Sumbawanga mwaka 1966, anayekusanya ngano vijijini na kuwachora wanyama wamevaa nguo, wanapika, wanakwenda sokoni, kwa rangi za Tingatinga. Vitabu vyake vimetoka kwa lugha kadhaa za Ulaya. Kaka aliyafunua yale makaratasi polepole, mikono imejaa rangi ya mafuta, asiyaguse ila pembeni. Akasema, "Mtu wa Sumbawanga! Hapo jirani tu." Kisha akanyamaza muda mrefu.

Mwaka jana nilikwenda Iringa kwa mkutano wa walimu, nikapita Neema Crafts, karakana ya Dayosisi ya Kianglikana ya Ruaha iliyoanza mwaka 2003 ikiwa na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mkono. Karatasi yao iliyovuma ni ile ya kinyesi cha tembo: nyasi alizokula mnyama huoshwa, huchemshwa, hupondwa, huchujwa kwenye fremu na kuanikwa. Ni nzito, ina nyuzinyuzi unazoweza kuzihesabu. Nilinunua tabaka kadhaa nikampelekea kaka pamoja na ile Peponi.

Alikaa na kitabu miezi miwili. Kisha akanipigia simu nifike. Alikuwa amechora msafara: wapagazi wamejitwisha mizigo, mbele mpiga ngoma, nyuma kabisa mtoto mwembamba anageuka kutazama alikotoka. Msafara ulikuwa unapita kwenye kilele cha Uporoto, mianzi pembeni, ukungu miguuni. Sikumwuliza kama msafara wa Aziz ulipita huku. Nilimwuliza mbona mtoto yule anatazama nyuma. Akasema, "Anatafuta mtu wa kumsimulia."

Mama alifariki miaka minne iliyopita. Katika sanduku lake la cherehani, chini ya vifungo na chaki, tulikuta Mabinti wa Zakaria. Jalada la kaki limepauka, buluu ya ziwa imekuwa kijivu, lakini milima bado inasomeka. Kurasa zile kumi na mbili bado zimeshonwa. Kaka hakuwahi kuzifumua. Alisema alisubiri ruhusa. Mimi sikuwa na haja, nilikwisha kuzisoma Iringa.

Darasani kwangu sasa hakuna kabati lenye kufuli. Vitabu viko kwenye meza, vinachakaa, viwili vimepotea, na kila mwanafunzi akimaliza kimoja anapewa nusu karatasi ya kaki achore jalada lake. Walimu wenzangu wa Mbeya, wa Iringa na kokote, nawaomba mjaribu. Kaki ni rahisi, mkaa upo kila nyumba. Na mtoto akiwachorea Ukerewe yenye Milima ya Livingstone, msimsahihishe.